Zahanati ipo, kufuli lipo, jibu halipo

SWALI: "Kaunti ilitujengea zahanati. Ikapakwa rangi, ikawekwa tangi la maji, ngoma zikapigwa siku ya uzinduzi mwaka 2022, halafu mlango ukatiwa kufuli hadi leo. Mama mwenye uchungu hapa kwetu hupandishwa bodaboda hadi kituo cha afya kilicho mwendo wa saa nzima. Tumemwandikia gavana mara mbili, barua ya pili ikiwa na sahihi 340. Hakuna aliyetujibu. Mwakilishi wa wadi anasema tusubiri, chifu anasema hayo si yake. Vijana wamechoka, wanataka kufunga barabara kwa magurudumu. Mimi ni mwenyekiti wa chama cha akina mama, nimesoma hadi darasa la nane, si wakili na sina shirika. Isitoshe, mwanangu ana kibarua cha kaunti na naogopa nikisema sana atafutwa. Je, nina haki ya kuwasemea wenzangu? Na kama ninayo, nianzie wapi ilhali serikali imeziba masikio?"

JIBU: Dada, nianze na lile linalojibika upesi. Haki unayo, na hukupewa na shule wala na shirika. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani na kuwasilisha ombi kwa mamlaka za umma. Vifungu vya 22 na 258 vinakwenda mbali zaidi: mtu anaweza kufika mahakamani kwa niaba ya wengine wasioweza kufika wenyewe, kwa niaba ya kikundi chake, au kwa manufaa ya umma. Hakuna mahali palipotajwa cheti. Kisha ipo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kifungu chake cha 88 kinakupa haki ya kupeleka ombi kwa kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake, na cha 89 kinawataka maofisa wa kaunti wajibu maombi hayo bila kukawia. Soma tena hicho cha 89, maana ndicho wengi hawakijui. Anayekalia barua yenu amekiuka wajibu ulioandikwa kisheria.

Mbona basi barua mbili na sahihi 340 hazikuzaa kitu? Sidhani ni kwa sababu sauti yenu ilikuwa ndogo. Barua inayoandikwa "Kwa Mheshimiwa Gavana" huingia masjala, hufunguliwa faili, huandikwa pembeni "waziri wa afya ashughulikie", hushushwa kwa afisa mkuu, kisha kwa mkurugenzi, na huko chini humkuta mtu asiyejua anatakiwa kufanya nini wala lini. Ikiwa humo ndani mmeomba zahanati, barabara, daraja, maji na basari kwa pamoja, ndiyo kabisa. Kila ofisi itaona sehemu kubwa ya barua si yake. Na kama hamkubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, basi kwa macho ya sheria hamkuandika kitu. Barua isiyo na tarehe ya kupokelewa haina siku ya kuchelewa.

Kazi yako kama msemaji, kwa hivyo, ni kuuliza jambo moja, kwa ofisi yenye uwezo wa kulitenda, kwa njia ambayo kimya chake kitahesabiwa siku.

Tuweke ofisi mahali pake kwanza. Chifu hakudanganya. Yeye na naibu wake ni watumishi wa serikali ya kitaifa, wako chini ya naibu kamishna wa kaunti, na hawana usemi juu ya zahanati. Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti huduma za afya za ngazi hiyo, zahanati na vituo vya afya vikiwemo. Wenzake chifu upande wa kaunti ni msimamizi wa wadi na msimamizi wa kaunti ndogo. Mwakilishi wenu wa wadi naye hana fedha mkononi za kumlipa muuguzi, hata akiapa jukwaani. Anachoweza ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuwahoji walio na fedha. Mwenye fedha za afya ni afisa mkuu wa idara ya afya, ambaye ndiye mhasibu wake kisheria, na juu yake yuko waziri wa afya wa kaunti. Kuajiri ni kazi ya Bodi ya Huduma za Umma ya Kaunti. Kumbuka ofisi hizo tatu, maana kila moja itataka kukusukumia kwa nyingine.

Sasa kuhusu kufuli lenyewe. Watu husema "wamekula pesa" na kufunga mjadala. Huenda wamekula, lakini zahanati nyingi zilizofungwa zina sababu kavu zaidi ya hiyo, na usipoijua utaomba kisichoweza kutolewa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo, yaani majengo, barabara na mitambo. Wakati huohuo kanuni za 2015 zinaizuia kutumia zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara, na kaunti nyingi zimekwisha kuuvuka mpaka huo. Unaona kinachotokea. Fedha za kujenga ukuta zipo, tena lazima zitumike, na ukuta hupigwa picha. Fedha za kumlipa mtu wa kukaa ndani ya ukuta huo hazipo, au zinagombaniwa na idara kumi. Jengo linatoka fungu moja, muuguzi anatoka fungu jingine, na mara nyingi waliopanga la kwanza hawakukaa meza moja na waliopanga la pili.

Tena muuguzi si kufuli pekee. Kabla zahanati haijafunguliwa lazima mkandarasi akabidhi jengo na apewe cheti cha kukamilika. Kama kaunti inamdai deni, au yeye anaidai, funguo huwa mfukoni mwake. Lazima kuwe na maji, umeme au sola, choo, tanuri la kuchomea taka na shimo la kondo. Usicheke hilo la mwisho. Jengo zuri kabisa linaweza kukosa leseni kwa sababu ya shimo, kwa kuwa hakuna mahali salama pa kutupia kondo la nyuma na sindano zilizotumika. Baada ya hapo baraza la kitaifa la madaktari, KMPDC, hutoa leseni, kituo huingizwa kwenye orodha kuu ya vituo vya afya nchini na kupewa namba yake. Bila namba hiyo KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, haina pa kuzipeleka, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, haina wa kumlipa. Mwisho huteuliwa kamati ya zahanati na kufunguliwa akaunti ya benki.

Hapo katikati pana kitu kimoja kilichokwama. Huenda viwili. Kazi ya kwanza ni kukijua, na hapo ndipo barua yako ya tatu inapotofautiana na zile mbili.

Hiyo ya tatu isiwe ya kulalamika. Iwe ya kuomba habari, chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Sheria hii ina meno ambayo barua ya kawaida haina. Inaruhusu kuandika kwa Kiswahili. Haikutaki ueleze unazitakia nini habari hizo. Ombi lenyewe halilipiwi, ila unaweza kudaiwa gharama ya kutoa nakala. Na ofisi ina siku 21 za kujibu, ambazo inaweza kuziongeza mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, endapo nyaraka ni nyingi sana. Ukimwandikia asiyehusika, anatakiwa kulihamishia ombi kwa anayehusika ndani ya siku tano, kwa hivyo ile "hapa si kwetu, mama" haina nguvu tena.

Mwandikie katibu wa kaunti, maana ndiye mkuu wa watumishi, na nakala kwa afisa mkuu wa afya. Maneno yake yanaweza kuwa haya:

"Kwa Katibu wa Kaunti. KUH: OMBI LA HABARI KUHUSU ZAHANATI YA (jina), WADI YA (jina). Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba: nakala ya mkataba wa ujenzi na cheti cha kukamilika, jumla ya fedha zilizolipwa na zinazodaiwa, nakala ya leseni na namba ya kituo katika orodha kuu ya vituo vya afya, au maelezo ya kilichozuia, idadi ya wahudumu waliopangiwa zahanati hii, na ukurasa wa bajeti ya mwaka huu wa fedha ulioitengea fedha za kuendeshea. Naomba kujibiwa kwa maandishi ndani ya siku 21."

Jina, sahihi, anwani na simu, basi. Ukurasa mmoja. Usitie ndani kisa cha mama aliyejifungulia njiani, hata kama kinakuchoma moyo. Kisa hicho kina mahali pake, nitakifikia.

Toa nakala tatu, mbali na ile ya afisa mkuu wa afya. Peleka masjala ya makao makuu ya kaunti wewe mwenyewe pamoja na mtu mmoja wa kushuhudia. Moja wabaki nayo, moja ipigwe muhuri wenye tarehe na uondoke nayo, ya tatu ipigwe muhuri pia na ikae nyumbani kwa mtu mwingine, si kwako. Karani akikataa kupiga muhuri, na wapo wanaokataa, usigombane naye. Nenda Posta uitume kwa rejista siku hiyohiyo, risiti ya Posta itasimama mahali pa muhuri. Piga picha kila kitu. Kisha andika kwenye daftari la chama: tarehe, saa, ofisi, jina la uliyezungumza naye, alichosema. Daftari hilo litakusaidia kuliko hotuba yoyote.

Siku 21 zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba ombi limekataliwa. Hapo una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kama Ofisi ya Ombudsman. Ni bure. Ina ofisi Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret, na malalamiko hupokewa kwa maandishi au kwa mdomo. Tume inaweza kumwita ofisa ajieleze na inaweza kuamuru habari zitolewe. Nikuambie ukweli, faili za Tume huenda polepole na unahitaji kuulizia yako kila baada ya wiki chache. Hata hivyo, barua yenye nembo ya Tume ikitua mezani kwa katibu wa kaunti, mara nyingi majibu yaliyokuwa "yanatayarishwa" hukamilika haraka ajabu.

Majibu yakija, soma kilichokwama ndipo uombe. Ikiwa ni shimo la kondo na tanuri, dai lenu ni kazi ndogo ya ujenzi, ambayo inaweza kuingia hata katika bajeti ya nyongeza. Ikiwa ni muuguzi, msiombe "waajiri" mkaishia hapo. Ombeni ahamishwe mmoja kutoka kituo kingine, kwa sababu uhamisho haugusi ule mpaka wa asilimia 35. Ila mjue mnaomba nini: anakotolewa kutapungua mtu, na wenzenu wa huko watalia. Ni heri kuomba kituo kifunguliwe kwa siku tatu za wiki, kliniki ya wajawazito na chanjo zikiwemo, kuliko kung'ang'ania huduma ya saa 24 mkakosa vyote.

Ndipo sasa unakwenda bunge la kaunti, na huko ndiko kisa cha mama yule kinakokwenda. Njia nyepesi ni kumwomba mwakilishi wenu asimame bungeni na kudai taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa kamati ya afya. Haimgharimu kitu, na jibu huingia katika kumbukumbu rasmi za bunge. Akikataa hilo dogo, mmeshajua mnasimama naye wapi. Njia nzito ni ombi rasmi, ambalo makarani wenyewe huliita petisheni. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa haki hiyo mtu yeyote, hata mmoja, na utaratibu wake uliwekewa sheria yake mwaka 2020. Kwa hiyo sahihi 340 ni uzito mzuri wa kisiasa, lakini hata na yako peke yako lingepokewa.

Maombi mengi huangushwa na umbo kabla ya maneno kusomwa. Yaandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kufutwafutwa wala kuongezewa maneno katikati ya mistari. Yaelekezwe kwa bunge la kaunti kupitia kwa karani wa bunge. Yaseme mliwahi kutafuta suluhu wapi na mlijibiwa nini. Hapo ndipo nakala zenye muhuri na siku 21 zilizopita zinapolipa. Yaseme kama jambo hili liko mahakamani au haliko. Yamalizie na ombi moja lililo wazi: kwamba bunge liichunguze idara ya afya na kupendekeza zahanati ifunguliwe kufikia tarehe fulani. Lugha iwe ya heshima. Neno "wezi" linatosha kumpa karani sababu ya kuyarudisha.

Na hizo karatasi za sahihi ndizo mtego mkubwa kuliko yote. Kila karatasi iwe na kichwa cha ombi juu yake, si karatasi tupu iliyobanwa nyuma kwa pini. Majina, namba za kitambulisho na sahihi au alama za dole gumba ziandikwe papo hapo, zisikatwe kutoka orodha nyingine na kubandikwa. Orodha ya watu waliohudhuria matanga au mkutano wa basari si orodha ya walioomba zahanati, na mmoja tu akikana mbele ya kamati, ombi zima linanuka. Asiyejua kuandika asaidiwe mbele ya shahidi. Halafu zifungie. Usipige picha orodha yenye namba za vitambulisho ukaitupa kwenye WhatsApp ya kijiji. Wapo Wakenya waliojikuta wamesajiliwa katika vyama vya siasa wasivyovijua, na orodha zinazozagaa ndizo huzaa mambo hayo.

Karani ana siku saba za kukagua kama ombi limetimiza masharti. Likipelekwa kamatini, kanuni za kudumu za mabunge mengi ya kaunti huipa kamati siku 60. Mkiitwa kutoa ushahidi, mpeleke mama aliyepatwa na jambo lenyewe, kwa hiari yake, aeleze kwa dakika tatu: tarehe, saa uchungu ulipoanza, saa alipofika kituoni, nauli aliyolipa. Vikao vya bunge na kamati ni vya wazi kwa mujibu wa Kifungu cha 196, kwa hiyo wenzenu ishirini wanaweza kukaa kimya nyuma ya chumba. Wabunge huongea tofauti wakiangaliwa. Bunge likilala nalo, Seneti hupokea maombi pia, chini ya Kifungu cha 119, na kamati yake ya hesabu za kaunti ndiyo huwaita magavana kujibu ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Itafute ripoti ya kaunti yenu kwenye tovuti ya Mkaguzi. Miradi iliyokamilika lakini haitumiki huwa inatajwa humo kwa jina, na ukiikuta zahanati yenu, aliyesema hivyo tena si wewe, ni Mkaguzi.

Yote hayo ni kusukuma kutoka nyuma. Ipo njia ya kusukuma kutoka mbele ambayo vijiji vingi huikosa kwa kutojua tarehe. Kaunti hairuhusiwi kutenga fedha nje ya mipango yake. Kama zahanati yenu haimo katika mpango wa miaka mitano, wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, wala katika mpango wa maendeleo wa mwaka, basi afisa anayewaambia "hakuna bajeti" anasema kweli, na ataisema kweli hiyo kila mwaka. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mpango wa mwaka unaofuata hufikishwa bungeni kufikia 1 Septemba, karibu miezi kumi kabla. Waraka wa mwelekeo wa fedha, unaogawa kiasi kwa kila idara, hufika kufikia 28 Februari. Makadirio yenyewe hufika kufikia 30 Aprili na kupitishwa kabla ya 30 Juni. Watu hufurika kwenye kikao cha Mei, wakati idara zimekwisha kugawana. Nendeni Agosti, wakati orodha inaandikwa, na nendeni tena Februari kabla afya haijakatiwa fungu lake. Kikao cha Mei ni cha kuhakikisha hamkuondolewa.

Mkifika kikaoni, msiseme "tunaomba serikali itukumbuke". Semeni: "Tunaomba katika fungu la afya kuwekwe muuguzi mmoja na fedha za uendeshaji za zahanati hii, na tumeandika hapa." Mpeni anayeandika kumbukumbu karatasi hiyo na mpate muhuri wa nakala. Kama hamkuwahi kusikia tangazo la kikao, hilo nalo ni dai. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo, na Jaji Odunga akataja misikiti, makanisa, mabaraza na redio za lugha za mitaa kuwa mahali pa kutangazia. Tangazo lililochapishwa ukurasa wa ndani wa gazeti lisilofika kwenu halitoshi.

Sasa wale vijana wenu. Hasira yao ina sababu, na maandamano ni haki. Lakini kufunga barabara kwa magurudumu yanayowaka kunabadilisha habari: jioni redio itazungumza juu ya magari yaliyokwama, na zahanati itatajwa mwishoni, kama itatajwa. Kunawapa polisi kisingizio, na atakayelala korokoroni si yule aliyeleta kibiriti. Wakitaka kuandamana, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mratibu ampe mkuu wa kituo cha polisi ilani ya maandishi si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku 14 kabla, yenye jina na anwani yake, tarehe, njia itakayopitwa, na saa kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Ni ilani. Hamwombi kibali, ingawa mkuu wa kituo anaweza kuizungumza kana kwamba ni kibali. Pata muhuri hapo pia. Ningewashauri wangoje mpaka siku 21 zipite, ili bango liwe na la kusema: "Tuliuliza tarehe 4 Machi. Siku zikaisha 25 Machi. Zahanati itafunguliwa lini?" Sentensi hizo hizo tatu ndizo za kusema mkipata dakika mbili redioni. Zina tarehe mbili na swali moja, na hazimshitaki mtu kwa jina. Usimwite ofisa mwizi hewani kama huna hati mkononi. Kesi ya kuchafua jina inaweza kukugharimu shamba hata kama moyoni unajua unasema kweli.

Mahakama niiache fupi. Kufungua kesi ya kutetea haki za msingi hakupaswi kutozwa ada, na kanuni za 2013 za kuendesha kesi hizo zinamruhusu hata mtu asiye na wakili kuandika barua ikachukuliwa kama kesi. Tatizo ni kwamba jaji atauliza kwanza mlipitia ngazi gani nyingine, na asiporidhika atawarudisha. Tena mahakama huamuru upesi zaidi kaunti itoe habari au iwashirikishe watu kuliko kuiamuru iajiri muuguzi, kwa sababu kaunti itajitetea kuwa fedha hazitoshi, na ni juu yake kulithibitisha hilo. Kwa hiyo hata anayenuia kwenda kortini huanzia palepale pa muhuri.

Kuhusu mwanao, sitakudanganya kwamba hofu yako ni ya bure. Kibarua cha mkataba hakihitaji sababu kubwa kusitishwa. Basi usilibebe jambo hili peke yako. Ombi la habari lisainiwe na mtu asiye na ndugu kazini kaunti: mwalimu mstaafu, imamu, mchungaji, mfanyabiashara wa sokoni. La bungeni litoke kwa chama, likiwa na sahihi za viongozi watano au sita, ili asiwepo mmoja wa kunyooshewa kidole. Wewe unaweza kubaki mtunza daftari na mpangaji, kazi ambayo ndiyo nzito kuliko zote na haionekani. Tume ya Haki ya Utawala unaweza kuiomba isikutaje jina. Na mwanao asihusishwe kabisa: asibebe barua, asichapishe kwa kompyuta ya ofisini, asitume picha za nyaraka za kazini kwake. Akikosea hapo, atafutwa kwa sababu halali na kesi yenu itapakwa matope.

Yapo mambo ambayo maandishi haya hayawezi kukufanyia, na ukiyaona usingoje siku 21. Ukipigiwa simu za vitisho, au ukiitwa "uende uandikishe taarifa" kituo cha polisi, usiende peke yako. Tafuta kwanza wakili au msaidizi wa kisheria. Mwungano wa watetezi wa haki, Defenders Coalition, husaidia wanaotishwa, na Pwani yapo mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na HAKI Africa mjini Mombasa. MUHURI ina uzoefu mrefu wa kuwafundisha wanakijiji kukagua miradi ya umma kwa hati mkononi. Aliyekamatwa ana haki ya kunyamaza, ya kuzungumza na wakili, na ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku inayofuata ya kikao ikiwa saa hizo zimeisha nje ya saa za kazi. Ukiona hati zinazoonyesha mkandarasi alilipwa kwa kazi ambayo haikufanyika, hilo limetoka mikononi mwa chama cha akina mama. Lipeleke kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, inayopokea taarifa bila jina, na usilitangaze kwanza.

Kwa msaada wa kisheria usiolipiwa, jaribu Kituo cha Sheria au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Ukienda, usiende na kisa kichwani tu. Nenda na lile daftari, barua zenye muhuri zikiwa zimepangwa kwa tarehe, risiti za Posta, ukurasa wa bajeti kama mmeupata, na picha ya zahanati iliyopigwa kwa mbele, kufuli likionekana, na gazeti la siku hiyo likiwa limeshikwa karibu na mlango.